D1, T1 na Uniti Tano Zilizobaki

ZUHURA: Tumerudi. Fundi Meshaki yupo, kahawa yake ipo, na feni ya studio tumeizima ili msimsikie akilalamika juu ya mlio wake.

MESHAKI: Inapiga kelele kwa sababu bushi zimeisha. Nimeshasema.

ZUHURA: Umeshasema tangu kipindi cha kwanza. Haya, wiki hii nimehama nyumba, mnajua. Nimefika, nimenunua luku ya 10,000, nikapata uniti 11.2.

MESHAKI: Kumi na moja nukta mbili! Mita ilikaa bila kununuliwa muda gani?

ZUHURA: Ukihesabu na mwezi huu, minne.

MESHAKI: Basi hakuna kilichoibiwa. Kodi ya jengo, ile inayokatwa ukinunua luku, ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Usiponunua umeme haifutiki, inakusubiri. Miezi minne ni 6,000. Inabaki 4,000. Gawa kwa 356 na senti zake, unapata hizo 11.2.

ZUHURA: Na hiyo 356 ndiyo iliyonikalisha chini, kwa sababu nilikotoka nilikuwa nalipa 122 kwa uniti. Tanesco ileile, friji lilelile. Kwa hiyo leo mada ni kubadilisha kundi la bei, kutoka T1, la matumizi ya kawaida, kwenda D1, la matumizi madogo ya nyumbani. Tumepanga mambo manne: kusoma risiti, kuomba kubadilishwa, nyumba yenye wapangaji wengi, na umeme wa njia tatu, yaani three-phase. Twende haraka.

MESHAKI: Hatujawahi kwenda haraka.

ZUHURA: Leo tutaweza. Risiti kwanza. T1 bei yake ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA, ya umeme vijijini, asilimia 3, EWURA, wadhibiti wa nishati, asilimia 1. Jumla asilimia 22, ndiyo 356.24. D1 bei ya msingi ni 100, ukiweka makato yaleyale ni 122. Ila hiyo ni kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Uniti ya 76 inaruka mpaka 350, ambayo na makato ni 427.

MESHAKI: Kwa hiyo kabla hujapiga simu kokote, shika risiti au ujumbe wa simu. Toa kodi ya jengo kwenye pesa uliyolipa, kinachobaki gawa kwa uniti ulizopata. Ukipata 356 uko T1. Ukipata 122 uko D1. Ukipata namba ya katikati, 160, 200, uko D1 ila manunuzi hayo yamevuka 75 za mwezi.

ZUHURA: Na wengi hapo hulaumu mita.

MESHAKI: Mita haijui bei! Hili naomba lieleweke. Zile tarakimu 20 unazoingiza hazibebi shilingi, zinabeba uniti. Hesabu ya pesa imeshafanyika kwenye mfumo wa mauzo kabla namba haijafika kwenye simu yako. Ndiyo maana kubadilisha kundi hakuhitaji fundi apande nguzo. Wanabadilisha kwenye mfumo, na manunuzi yanayofuata yanatoka kwa bei mpya. Uniti zilizomo ndani ya mita zinabaki kama zilivyo.

ZUHURA: Na ikitokea umetumiwa namba tatu badala ya moja?

MESHAKI: Mbili za kwanza ni za kubadili ufunguo wa mita, ya tatu ndiyo ya umeme. Kama ilivyokuwa mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, mita za luku zilipohitaji maboresho. Ingiza kwa mpangilio uliopewa. Ukianza na ya tatu, mita itaikataa, halafu utampigia fundi saa tano usiku. Na kama rimoti yako, kile kifaa cha kubonyezea namba, ni ile ya kuchomeka kwenye soketi, hakikisha imechomeka, maana inaongea na mita ya kwenye nguzo kupitia waya huohuo wa umeme.

ZUHURA: Mita janja je?

MESHAKI: Kule uniti zinaingia zenyewe kwa mtandao, hakuna kubonyeza. Lakini hesabu ya kundi ni ileile.

ZUHURA: Sawa. Kuomba. Unapiga 180 au unakwenda ofisi ya Tanesco ya wilaya yako ukiwa na namba ya mita, zile tarakimu 11, jina lililosajiliwa na namba ya simu. Mpangaji, jina lililosajiliwa linaweza kuwa la mwenye nyumba, kwa hiyo ongea naye kabla. Wataangalia historia ya manunuzi. D1 ni ya makazi tu, wastani wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, njia moja. Ukiwa na saluni barazani au unauza barafu kwa friji tatu, usijisumbue.

MESHAKI: Ongeza hili: mfumo unahesabu unachonunua ndani ya mwezi wa kalenda, hautazami ulichotumia. Tarehe 28 ukinunua za akiba, unajivusha mwenyewe. Subiri tarehe moja. Kwa D1 yenye kodi ya jengo ya mwezi mmoja, 10,650 inakupa 75 kamili.

ZUHURA: Na kinyume chake ndicho kitamu. Juni na Julai joto limepungua, feni imelala, unatumia 60. Nunua 75 hivyohivyo, ingiza, ziache kwenye mita. Januari utazikuta.

MESHAKI: Uziingize siku hiyohiyo lakini. Namba ikikaa kwenye simu wakati wewe unaingiza nyingine mpya, unaweza kukuta ya zamani imekataliwa, maana mita hukumbuka namba za karibuni na haipokei iliyozeeka kuliko kumbukumbu zake.

ZUHURA: Haya. Sasa swali ambalo kila mtu analo: uniti 75 zinatosha nini?

MESHAKI: Mbili na nusu kwa siku. Friji dogo la kawaida, tuseme 1.2 kwa siku, hapo 36 zimeondoka. Taa tano za wati 9 kwa saa tano, karibu 7. Runinga ya wati 60 kwa saa sita, karibu 11. Feni moja saa nane za usiku, 13. Simu na ruta, weka 3. Jumla 70.

ZUHURA: Zimebaki tano.

MESHAKI: Tano. Na hizo ni za pasi.

ZUHURA: Nani amesema ni za pasi?

MESHAKI: Pasi ya wati 1,000, ukihesabu inavyojizima na kuwaka, saa moja ya kunyoosha ni kama uniti 0.6. Saa mbili kwa wiki, mwezi mzima ni tano. Zimeisha.

ZUHURA: Mimi hizo tano nawapikia watu maharage.

MESHAKI: Ameanza.

ZUHURA: Jiko la presha la umeme, lita sita, wati 1,000. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, karibu nusu uniti, kwa sababu likishapata presha linakata umeme na kuwaka kidogokidogo. Mara mbili kwa wiki ni uniti nne na kitu kwa mwezi.

MESHAKI: Na shati?

ZUHURA: Tundika likiwa bado bichi, ulivute kola kwa mkono.

MESHAKI: Wasikilizaji, huyu dada alikwenda kwenye harusi mwezi uliopita akiwa ameng'aa.

ZUHURA: Kwa pasi ya mkaa ya jirani! Uniti sifuri.

MESHAKI: Kwa hiyo mkaa umeuhamisha tu kutoka jikoni ukaupeleka kwenye pasi.

ZUHURA: Sikiliza. Usipoyaloweka maharage, ongeza dakika ishirini hivi. Maji yafunike maharage kwa vidole viwili, na usivuke nusu ya sufuria, yatapovuka na kuziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko ukilegea, presha haifiki, jiko linawaka muda wote, na hapo ndipo mtu anasema jiko linakula umeme.

MESHAKI: Hilo nakubali, mpira ni jambo kubwa. Naletewa majiko mazima kabisa, kasoro mpira.

ZUHURA: Na kitunguu?

MESHAKI: Usinivute. Tatizo langu haliko kwenye maharage ya Jumatano. Mtu akishanunua jiko hapiki maharage tu. Anapika wali, makande, anachemsha maji ya kuoga mtoto. Mwezi wa tatu yuko kwenye 110. Akirudishwa T1, zile 75 za kwanza zilizokuwa 122 zinakuwa 356. Kwa hizo 75 peke yake ni tofauti ya zaidi ya 17,500 kila mwezi. Mwenye D1 alinde D1, apike kwa gesi.

ZUHURA: Na mimi nasema hesabu yako inamtisha mtu bure. Ukiwa D1 na ukatumia 80, unalipa 11,285. Mwenzako wa T1 kwa 80 hizohizo analipa 28,499. Kwa bei tupu D1 inabaki nafuu mpaka kwenye uniti 323. Kuvuka siyo moto wa jehanamu.

MESHAKI: Kwa bei tupu. Lakini 323 si kikomo cha kundi, kikomo ni wastani wa 75. Hizo 323 ni hesabu ya daftarini.

ZUHURA: Wastani, Fundi. Mwezi mmoja 85, mwingine 60. Na hata kwa 427, nusu uniti ni shilingi 214 kwa sufuria la maharage. Nitafutie mkaa wa 214.

MESHAKI: Nitafutie familia ya watu sita inayopika kwa umeme na kubaki kwenye wastani wa 75.

ZUHURA: Sikusema wapike kila kitu.

MESHAKI: Jiko halijui ulichosema.

ZUHURA: Basi kikomo ndicho chenye tatizo. Huwezi kumwambia mtu aache mkaa, apike kwa umeme, halafu umuweke kwenye kundi linalomwadhibu akipika.

MESHAKI: Hapo unaongea na EWURA, wanaopanga bei. Mimi naongea na mama wa Mbagala mwenye mita leo. Kikomo kipo. Ushauri wangu haubadiliki.

ZUHURA: Wangu pia. Asiache jiko kwa ajili ya kundi.

MESHAKI: Na akirudishwa T1?

ZUHURA: Atapima. Labda bado itamlipa kuliko gesi.

MESHAKI: Labda. Uniti tano, dada. Tano.

ZUHURA: Mhariri ananionyesha saa. Wapangaji na njia tatu hatujagusa.

MESHAKI: Njia tatu ni sentensi moja: D1 ni ya njia moja tu, mwenye njia tatu anabaki T1. Wapangaji, mita moja vyumba sita, hiyo ni kipindi kizima. Kuna mita ndogo za ndani, kuna kuomba mita ya kila mmoja, na kuna ugomvi wa nani ana pasi.

ZUHURA: Na nani ana jiko.

MESHAKI: Zaidi ya pasi.

ZUHURA: Siyo zaidi! Tumetoka kuhesabu sasa hivi, nne na kitu kwa tano...

MESHAKI: Zima hiyo maiki kabla hajaanza kuloweka.