Majalada ya Kwetu Yako kwa Nani?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa historia, na wazee mliokubali kukaa nasi leo hapa Iringa: kamwene!

Nimeombwa nizungumzie utafiti katika Nyaraka za Taifa, hifadhi ya nyaraka za serikali. Naanza na jambo linalowarudisha wengi mikono mitupu. Kijana anatoka Vwawa, anafika Dar es Salaam, Upanga, Mtaa wa Vijibweni, anaomba majalada, yaani mafaili, ya Mkoa wa Songwe ya mwaka 1950. Hayapo, wala hayawezi kuwapo. Songwe imekuwa mkoa mwaka 2016. Njombe imemegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mwaka 1950 huku kwetu kulikuwa na jimbo moja, la Nyanda za Juu Kusini, na Mbozi, ilipo Vwawa, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbeya. Ukirudi nyuma hadi enzi za Wajerumani, hata Tukuyu utaikuta imeandikwa Neu-Langenburg.

Basi swali la kwanza ni hili: mwaka ule, kwetu kulitawaliwa kutoka boma gani, yaani ofisi gani ya wilaya, na bwana shauri, ofisa wa kikoloni wa boma hilo, alikuwa akimwandikia nani? Nyaraka za serikali hazikupangwa ili zijibu maswali yetu. Zilipangwa kufuata kazi ya ofisi iliyoziandika, na mtunza nyaraka mzuri haupangui mpango huo. Ukiujua, nusu ya kazi umeimaliza.

Tazameni barua yoyote ya ofisi, hata ya leo. Juu kuna Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba. Namba hiyo inakuambia barua imezaliwa katika jalada gani. Enzi za Waingereza nakala moja ilibaki bomani, nyingine ilikwenda kwa mkuu wa jimbo, na jambo likiwa zito lilifika Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni Dar es Salaam, pengine hadi Wizara ya Makoloni London. Kwa hiyo jalada la bomani likiliwa na mchwa, msikate tamaa. Tafuteni upande wa mpokeaji. Barua za Tanganyika kwenda London ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo unaoitwa CO 691.

Mfano wetu uko Kalenga, si mbali na hapa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alifariki Julai 1898, na fuvu lake likachukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Likarudi mwaka 1954, wakati wa Gavana Edward Twining. Miaka 35! Katika muda huo suala lilihusu Iringa, Dar es Salaam, London na Ujerumani. Mtafiti anayeishia kwenye jalada la ofisi moja tu amesikiliza mzungumzaji mmoja katika baraza la watu wengi.

Ukilipata jalada, usikimbilie barua zenye mihuri. Soma madokezo, yale maofisa waliyoandikiana ndani ya jalada. Barua inakupa uamuzi uliokwisha kufikiwa. Dokezo linakuonyesha maofisa wakibishana kabla ya kuamua, mmoja akitaka kodi ipunguzwe, mwingine akikataa. Mimi huko ndiko ninakokaa muda mrefu kuliko popote. Nyaraka za Wajerumani zina ugumu wake: nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo hujifunza ndipo aisome.

Halafu kuna vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri wa Kiingereza waliandika habari za koo, watawala, ardhi na mila. Vina utajiri mkubwa, lakini visomeni kwa makini. Baada ya sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, kutambuliwa kuwa mtawala kulikuwa na mshahara na baraza ndani yake. Aliyeulizwa nasaba ya ukoo wake alijua kinachotegemea jibu lake.

Mengine ni mepesi. Nendeni na barua ya utambulisho ya chuo au taasisi. Ingieni na penseli, si kalamu ya wino. Sheria ya mwaka 2002 inafungua nyaraka kwa wasomaji baada ya miaka 30, hivyo msitarajie ya juzi. Andikeni namba ya jalada na ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, kabla ya kunakili neno lolote, na karatasi zibaki katika mfuatano mliozikuta nao, kwa sababu mfuatano wenyewe ni ushahidi wa nani alijibu nini.

Wazee wangu, nina ombi kwenu. Kijana akirudi na nakala ya kitabu cha wilaya, akawasomea majina ya walioulizwa, mwambieni ni koo zipi hazikuulizwa, na kwa nini.