Wangapi Wangeacha Genge Hata Bila Mradi?

Mabibi na mabwana, ripoti nyingi za miradi ya kuwaepusha vijana na magenge hujaa hesabu za waliohudhuria. Semina zilifanyika, fulana ziligawiwa. Hiyo ni habari ya kazi iliyofanyika, si ya matokeo yake, na mfadhili anayeridhika nayo anajidanganya kwa hiari.

Walio makini zaidi hupima kabla na baada. Huko nako kuna mtego. Tafiti zilizofuatilia vijana kwa miaka nchini Marekani zilionyesha kwamba wengi wanaoingia genge hutoka wenyewe baada ya mwaka mmoja hivi, au miwili. Basi wapime wanachama wa leo, uwapime tena baadaye: mradi wowote utaonekana umefaulu, hata wa kufundisha kupiga filimbi! Swali ni hili: wenzao wanaofanana nao, ambao hawakupata mradi, wamefikia wapi?

Mwaka 1939, huko Massachusetts, Marekani, wavulana zaidi ya 500 walipangwa wawili wawili kwa kufanana, kisha kura ikaamua nani asaidiwe. Waliobahatika walipata washauri, wakatembelewa nyumbani, wengine wakapelekwa kwenye kambi za likizo. Miaka 30 hivi baada ya mradi kuisha, mtafiti wa uhalifu Joan McCord aliwatafuta. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Lakini walipolinganishwa na wenzao, ndio waliokuwa na dalili zaidi za ulevi na maradhi ya akili, na waliokufa wakafa mapema zaidi. Bila wale wenzao, shukrani zile zingechapishwa kuwa ushahidi.

GREAT, mtaala wa Marekani wa kuwaepusha vijana na magenge, unaofundishwa na polisi madarasani tangu 1991, ulikwenda njia nyingine. Tathmini ya miaka ya 1990, chini ya mtafiti Finn-Aage Esbensen, haikuona kwamba unazuia vijana kujiunga na magenge. Mtaala ukaandikwa upya, mihadhara ikapungua, mazoezi ya stadi yakaongezeka. Tathmini ya pili, katika miji 7, iligawa madarasa kwa kura. Mwaka mmoja baada ya masomo, uwezekano wa waliofundishwa kuwa kwenye genge ulikuwa chini kwa asilimia 39 kuliko wa wenzao wasiofundishwa. Uhalifu wa vijana kwa jumla haukushuka, na wanaopigia debe mtaala huu hupenda kuliruka hilo.

Mtaniambia kumnyima kijana msaada ili apimwe ni ukatili. Lakini nafasi hazitoshi kamwe. Waombaji wakizidi, pigeni kura hadharani, waliokosa wapewe zamu ijayo, na muwahoji wote kwa maswali yaleyale, siku zilezile, pamoja na walioacha njiani.