Kapuliza, Mashine Imesoma Amelewa, Wakili Anatetea Nini?

Mambo vipi wadau, watu wangu wa Sinza, Mbagala, Tegeta, kote huko. Inbox imejaa swali moja tu, ati mtu kakamatwa Marekani akiendesha gari, kapuliza na mashine imesoma kalewa, sasa wakili anaenda kutetea nini tena, si kashalewa? Haya, mi sio mwanasheria ila nakaa New Jersey na haya mambo nayafuatilia sana.

Wakili wa huku mara nyingi wala hasimami kusema mteja wangu hakunywa. Anawageuzia kibao polisi, nyie utaratibu mlifuata? Kiwango ni 0.08, yaani miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, sawa na sheria yetu bongo, kwa hiyo kwenye namba hatujapishana.

Mashine yao inaitwa Alcotest, inakaa kituoni. Kabla hujapuliza askari anatakiwa akukazie macho dakika 20, aone kama umecheua, umetapika au umetia kitu mdomoni, maana pombe ikipanda mdomoni mashine inasoma juu kuliko hali halisi ya damu. Ukicheua, dakika zinaanza upya. Simu na redio za upepo zinatolewa nje. Masharti haya mahakama ya juu ya jimbo iliyakazia mwaka 2008. Sasa fikiria afande kageuka anajaza fomu, kakupa mgongo, na kamera ya kituo inarekodi, wakili akiipata hiyo video ana pa kuanzia.

Ila lililoniacha hoi ni la 2018. Kuna sajenti kazi yake ilikuwa kuhakiki hizo mashine zenyewe, akawa anaruka hatua moja, kipimajoto maalumu hakitumii, anasaini tu kwamba kila kitu kiko sawa. Mahakama ikasema vipimo vya hizo mashine havifai kuwa ushahidi, zaidi ya 20,000! Kisa kipimajoto jamani. Najua kuna mtu hapo anasema wanawaachia walevi waue watu, nakuelewa, ila mi naona afadhali hivyo kuliko mashine mbovu imfunge aliyekunywa soda.

Halafu lugha. Kukataa kupuliza New Jersey ni kosa linalojitegemea, so askari lazima akusomee kwanza ukikataa yatakukuta nini. Kuna jamaa anaongea Kihispania tu, askari kamsomea lote kwa Kiingereza, jamaa anamwangalia tu. Mwaka 2010 mahakama ikasema onyo mtu asilolielewa halijamfikia, kosa la kukataa likafutwa. Msishangilie sasa, lile la kuendesha amelewa lilibaki palepale, kwa yale askari waliyoyaona kwa macho yao.

Zipo na hoja zinazogonga mwamba. Majimbo mengine wakili anaweza kusema wakati anaendesha pombe ilikuwa bado haijapanda, imepanda akiwa kituoni. New Jersey hiyo mlango ulifungwa tangu 1987, wanaangalia ulichopuliza basi. Na nyie mnaolala kwenye gari nje ya baa, injini inawaka, AC inapuliza, eti siendeshi nimepumzika, huku unaweza kushtakiwa vizuri tu.

Kitu kingine, ile yetu ya "afande bia mbili tu, mi mzima kabisa". Kaka, hapo ushamsaidia kazi! Anaandika, mtuhumiwa amekiri kunywa, na wewe hata hujaulizwa vizuri. Huku unatoa leseni, bima na kadi ya gari, unaongea kwa heshima, na swali la umekunywa ngapi una haki ya kutolijibu. Mbongo akisimamishwa anaanza kusimulia mpaka msiba alikotoka.

Wazazi mnaoleta watoto kusoma, hili ni lenu. Tangu 2015 Marekani wanaweza kumfutia mtu viza kwa kukamatwa tu na kosa hili la kuendesha amelewa, hakimu hajasema lolote bado. Kesi mtoto anaweza kushinda, dakika 20 sijui na nini, ila ubalozi hausubiri hukumu, na akitoka nje ya Marekani anaanza kuomba viza upya, na hiyo kesi lazima ataulizwa.