Mchuzi Bila Kitunguu: Chakula cha Jioni kwa Mwenye Tumbo la Gesi

Mhadhara kwa kikundi cha wazazi, Moshi

Mama zangu, baba zangu, na nyie vijana mliokuja na karatasi za daktari mkononi, karibuni. Naona wengi mmeambiwa mpunguze FODMAP, mkapewa orodha ndefu, na humo kuna vitu ambavyo ukiviulizia sokoni Mbuyuni utachekwa. Mmetoka hospitali mnajua cha kukataa. Lakini saa moja jioni moto umeshawaka, watoto wana njaa, na hamjui mnabandika nini. Leo nazungumzia hiyo saa moja tu.

Tuelewane kwanza. FODMAP ni jina la mkato lililotungwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, Australia. Ni kundi la sukari ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Zinavuta maji, zinateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa. Hilo linatokea kwa kila mtu, maana hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuvunja fraktani, aina mojawapo ya sukari hizo, zilizomo kwenye kitunguu. Ila mwenye IBS, yaani tumbo linalosumbua mara kwa mara kwa maumivu, gesi na choo kisichotulia, utumbo wake una hisia kali. Gesi ileile ambayo mume wake wala haisikii, yeye inamkunja. Kwa hiyo jamani, msimwambie anadeka.

Na kabla hamjabadilisha sahani: ukiwa unapungua uzito, unaona damu chooni, umeishiwa damu, au unaamshwa usiku na kuharisha, hapo kitunguu hakihusiki. Rudi hospitali. Usiache ngano pia kabla ya kupimwa siliaki, ule ugonjwa ambao ngano inaudhuru utumbo, kwa sababu ukishaiacha kipimo kinaweza kusema huna wakati unao.

Sasa jikoni. Uzuri wetu sisi watu wa Kilimanjaro, ugomvi hauko kwenye sinia, uko kwenye mchuzi. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, ndizi mbichi, vyote vinapita. Nyama, kuku, samaki, dagaa na mayai havina sukari hizi. Wanaotuumiza ni kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage na ndugu zake kina njegere na dengu, ngano, na maziwa.

Tuchukue mtori. Chagua ndizi mshare mbichi kabisa, ganda la kijani lisilo na doa la njano. Ndizi inavyoiva ndivyo fraktani zinavyoongezeka, kwa hiyo ile iliyoanza kulegea, ambayo huwa tunasema tu "itumbukize, itaivia humo", mpe mwingine. Paka mafuta mikononi utomvu usikugande, menya, tia kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama ya mfupa ichemke peke yake na chumvi na tangawizi mpaka ilainike. Ndizi ziingie kwenye supu hiyo, na karoti, na nyanya moja. Ponda kwa mwiko. Dakika mbili kabla ya kuepua, katia majani ya kitunguu. Nasema majani, yale ya kijani. Kichwa cheupe kiache, ndicho kilichobeba mzigo. Fungu linauzwa na majani yake, na wengi tukifika nyumbani hayo ndiyo tunayatupa!

Mtu ataniuliza, na kitunguu saumu? Hapa kuna ujanja mzuri. Fraktani zinayeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Pasha mafuta, tia punje nzima za saumu, zikaange mpaka zianze kupata rangi, kisha zitoe zote. Harufu imebaki, sukari imetoka na punje. Lakini usitie nyanya punje zikiwa bado zimo, nyanya ina maji na kazi yako imeharibika. Na mafuta hayo yapikie siku hiyohiyo. Ukiyaweka kwenye chupa kabatini, bakteria wa botulini wanaweza kuota humo, na sumu yao inaua.

Kuna pia mvuje, unaopatikana kwenye maduka ya viungo vya Kihindi. Ukiufungua unanuka hadi majirani wanauliza, ila chembe kidogo ikiingia kwenye mafuta ya moto inakuwa kama kitunguu kilichokaangika. Soma kifungashio, maana mwingine umechanganywa na unga wa ngano. Tangawizi, manjano, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, hivyo tumieni kwa amani. Vidonge vya supu na viungo vya paketi mvitilie shaka, mara nyingi vina unga wa kitunguu.

Mama pale nyuma anauliza kama apike sufuria mbili. Hapana, mama, utachoka ndani ya wiki. Pika mchuzi mmoja bila kitunguu, kitunguu kikaange pembeni, kiweke kwenye kibakuli mezani, anayekitaka ajimwagie. Kukipika pamoja halafu ukae unatoa vipande sahanini hakusaidii, kwa sababu sukari imeshaingia kwenye mchuzi.

Siku umechoka, kaanga sato na ndimu, wali, na sukuma wiki ya mafuta ya saumu yenye karanga zilizosagwa. Hata chipsi mayai inapita, ukimwambia muuzaji kachumbari yake abaki nayo. Mafuta yake tu ndiyo yanaweza kukusumbua. Parachichi, najua mnalo shambani, lakini kipande kidogo, siyo nusu. Mtindi una laktosi, yaani sukari ya maziwa, pungufu kuliko maziwa fresh, ila haijaisha, kwa hiyo bilauri kubwa ya kushushia ugali tuisahau kwanza.

Nasema kwanza, kwa sababu jambo hili halikupangwa kuwa la maisha. Ni wiki 2 hadi 6 za kubana, na kama hakuna nafuu baada ya hapo unaacha, maana kumbe tatizo ni lingine. Ukipata nafuu unaanza kurudisha chakula kimoja kimoja, huku milo mingine ikibaki ileile. Wenye mimba, watoto na waliokonda msifanye peke yenu, tafuteni mtaalamu wa lishe.

Mimi ningeanza kurudisha maharage, ndiyo protini yetu ya bei nafuu, na bakteria wazuri wa tumboni wanayategemea. Yaloweke usiku kucha, maji yamwage, chemsha, maji hayo nayo yamwage, kwa sababu yanaondoka na sehemu ya sukari. Siku ya kwanza vijiko viwili vya chakula, ya pili ongeza, ya tatu ongeza tena. Ukitulia siku zote tatu, kiburu, ndizi zetu na maharage, kimerudi. Ukikunjwa siku ya tatu, umeshajua bakuli lako linaishia kwenye kipimo cha siku ya pili. Pumzika mpaka tumbo litulie, ndipo ujaribu kingine.

Haya, naona mikono. Anza wewe baba mwenye kofia.