Jenga namba 381654729 kwa mkono wako

Karibu, mtazamaji. Chukua karatasi na kalamu, chora visanduku tisa kwenye mstari mmoja. Tutavijaza kwa tarakimu 1 hadi 9, kila moja itumike mara moja tu. Sharti ni hili: tarakimu mbili za mwanzo, zikisomwa kama namba moja, zigawanyike kwa 2, tatu za mwanzo kwa 3, nne kwa 4, hivyo hivyo hadi zote tisa zigawanyike kwa 9, bila baki.

Tarakimu hizi zinaweza kupangwa kwa namna 362880. Usibahatishe.

Anza na kisanduku cha tano. Kinachogawanyika kwa 5 huishia na 0 au 5, na 0 hatuna. Andika 5.

Visanduku vya 2, 4, 6 na 8 vinataka shufwa. Witiri zilizobaki, 1, 3, 7 na 9, zinakwenda kwingine.

Sasa cha nne. Kwa 4 tunatazama tarakimu mbili za mwisho tu, na inayotangulia ni witiri. Jaribu: 14 inakataa, 38 inakataa, 16 inakubali, 72 inakubali. Ukizimaliza zote utaona kisanduku hicho kinapokea 2 au 6 pekee. Cha nane nacho ni vivyo hivyo, maana mwisho wake lazima uwe 16, 32, 72 au 96. Basi 4 na 8 zinabaki na kisanduku cha pili na cha sita.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Namba hugawanyika kwa 3 pale jumla ya tarakimu zake inapogawanyika kwa 3. Tatu za mwanzo zinagawanyika kwa 3, na sita za mwanzo pia, kwa hiyo jumla ya cha nne, cha tano na cha sita lazima igawanyike kwa 3. 2+5+4 ni 11, haifai. 6+5+8 ni 19, haifai. Katikati pana 258 au 654, basi.

Rudi kwenye kanuni ya 3 kwa visanduku vitatu vya mwanzo, na ya 8 kwa cha saba na cha nane. Zinabaki namba kumi tu za tarakimu saba:

1472589, 7412589, 1836547, 1896543, 1896547, 3816547, 7896543, 9816543, 9816547, 9876543.

Gawanya kila moja kwa 7, polepole. 1472589 inabakiza 6. 9876543, pamoja na uzuri wake wote, inabakiza 5. Fika 3816547: ni 7 mara 545221, baki hakuna. Nyingine zote tisa zinaanguka.

Malizia kwa 2, kisha 9. Kugawanya kwa 9 hakuna haja ya kupima, kwani 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45. Bandika 0 mwishoni, na 3816547290 inagawanyika kwa 10.

Ukiruhusu tarakimu kujirudia, mnyororo huu unafika mbali zaidi: 3608528850368400786036725, tarakimu 25. Weka ya 26 yoyote uipendayo, haitagawanyika kwa 26.