Kwani Mwizi Haibiwi?

Ndugu zangu, mliokwisha kunisikia mnajua nitaanzia wapi: supamaketi.

Filamu tunayoitazama leo, Pamilya Ordinaryo ya Eduardo Roy Jr., ilitoka Ufilipino mwaka 2016. Jane ana miaka 16. Analala barabarani jijini Manila pamoja na mwenzake Aries, wa miaka 17, na kichanga chao. Anatokea mtu mwenye maneno matamu: twende nikununulie pampasi. Wanaingia dukani. Kufumba na kufumbua, mtu hayupo, na mtoto hayupo.

Sasa tazameni kamera. Kila baada ya muda Roy anatuwekea picha za kamera za ulinzi, zile zinazofungwa juu ukutani. Jiji hili lina macho. Linawaona watoto hawa wakiiba, linawaona wakikimbia. Siku wanapoibiwa wao, macho yote hayo yanawafaa nini?

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, si hao hao vibaka?" Ndiyo, ni vibaka. Filamu haifichi: wanapora, wananusa gundi, ile ambayo huko mitaani wanaiita rugby. Basi nijibuni: kwani mwizi haibiwi? Matiti ya Jane hayaulizi kama mwenyewe aliiba jana. Saa ya kunyonyesha ikifika yanajaa, yanauma, na wa kunyonya hayupo. Halafu anakwenda polisi kushtaki, na afisa anaitumia shida hiyo hiyo kumdhalilisha. Nimeitazama mara nyingi, na hapo bado nakasirika. Msigeuze uso pakifika! Hasmine Killip, aliyemwigiza Jane, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Cinemalaya mwaka huo, na hata sehemu hiyo peke yake ingetosha kumpa.

La sheria nilipitie haraka. Mwaka 2006 Ufilipino iliweka miaka 15 kuwa mwisho wa mtoto kutoshtakiwa kwa jinai. Januari 2019 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuishusha hadi 12. Yaani wa miaka 12 amekua vya kutosha kushtakiwa, na Jane wa 16 akija kushtaki hasikilizwi!

Nilitaka niseme pia kuhusu Aries, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Tutamzungumza kwenye maswali. Zimeni taa, tafadhali.