Nyimbo thelathini za Aprili, na ubeti wa pili

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa kwaya na vijana wanamuziki jijini Mbeya, tarehe 27 Aprili

Walimu wangu wa kwaya, wazazi mliokuja na watoto wenu, na ninyi vijana mliokaa nyuma na magitaa yenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Leo ni siku ya 27 tangu nijiwekee nadhiri ya kutunga na kurekodi wimbo mmoja kila siku ya mwezi huu, kabla ya saa sita usiku, bila kuruka hata siku moja. Nyimbo 26 zimekamilika, wa leo una kiitikio na ubeti mmoja, na baada yake zitabaki tatu. Pale mlangoni mmeniuliza kama nimechoka. Nimechoka sana. Lakini nimekuja kusema lile ambalo nimelisema katika kila semina niliyoalikwa, na nitalirudia hadi nione mabadiliko: wanamuziki wetu tunajua kuanza wimbo, hatujui kuumaliza.

Kila kijana anayenijia kuomba ushauri hunisikilizisha simu yake. Ndani yake mna vipande arobaini, hamsini: kiitikio kitamu, gitaa limekaa vizuri, halafu mahali pa maneno anaimba "na-na-na", kisha kimya. Nikimuuliza ubeti wa pili uko wapi, ananijibu kwamba anasubiri umjie. Umjie kutoka wapi? Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na sitaki kulisikia tena leo.

Ubeti wa kwanza ni rahisi kwa sababu unasema unavyojisikia. Ubeti wa pili unadai kitu kingine: unadai ujue habari za mtu unayemwimba. Siku ya nane nilikuwa na wimbo wa mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara kule Uyole. Ubeti wa kwanza niliumaliza kabla ya chai, umejaa huruma. Wa pili ulikataa kabisa hadi saa tisa alasiri, nikatambua kwamba simjui mama huyo hata kidogo. Nikatoka, nikaenda kumuuliza. Akanionesha lumbesa lilivyofungwa: gunia limeshajaa, juu yake kimeongezwa kilemba cha viazi na kushonewa kwa kamba za katani zilizosukwa kama wavu, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja tu. Akanionesha kwa mkono wake mahali gunia linapopaswa kuishia, kisha akaupandisha mkono hadi pale linapoishia kweli. Umbali kati ya mikono ile miwili ndio ukawa ubeti wangu wa pili. Kama nisingekuwa na saa sita usiku mbele yangu, wimbo ule ungebaki kipande ndani ya simu, kama vyenu.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo naiheshimu, lakini siku nzima si haraka. Franz Schubert, mwaka 1815, akiwa kijana wa miaka 18 anayefundisha katika shule ya baba yake huko Vienna, alitunga nyimbo zaidi ya 100 katika mwaka huo mmoja. Johann Sebastian Bach alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723, alikuwa akiandaa kantata, yaani utunzi wa waimbaji na ala kwa ajili ya ibada, karibu kila wiki, kwa sababu Jumapili haikumsubiri. Na msiseme hayo ni ya Ulaya. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilipoingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam zilipiga na kuimba kwa pamoja, kanda ikizunguka, na nyimbo zile bado zinachezwa kwenye harusi za wajukuu wa waliozipiga. Hata nadhiri kama yangu sikuibuni mimi: wapo Marekani ambao tangu mwaka 2004 hukutana kila Februari kwa lengo la kutunga nyimbo 14 kwa siku 28, na mwanamuziki mmoja wa huko, Jonathan Mann, alianza kutunga wimbo kila siku tarehe 1 Januari 2009 na akaendelea hivyo kwa miaka.

Mwingine atasema vifaa hana. Huyu ndiye hasa ninayetaka kumjibu, na naomba mnivumilie kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu.

Siku ya 19 nilikuwa Tukuyu kumjulia hali shangazi yangu. Wenyeji wa Rungwe mliomo humu hamhitaji kuelezwa mvua ya Aprili, katika wilaya ambayo sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ilianza saa tisa alasiri. Nyumba ya shangazi ni ya bati, haina dari. Nilikuwa na gitaa, simu, na maikrofoni ndogo ya kuchomeka kwenye simu, ya aina inayosikia upande mmoja. Wimbo ulikuwa tayari kwenye ufunguo wa G, yaani kimo cha sauti nilichouimbia. Nikaweka maikrofoni mbali kidogo, kama sentimita 60, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu nimelelewa kwenye kwaya: unasimama wima, unafungua kifua, unaitoa sauti ifike benchi la mwisho. Nilipousikiliza wimbo, mlikuwa na mvua tupu, na nyuma yake sauti yangu kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nikajifunika blanketi pamoja na maikrofoni. Blanketi hupunguza mwangwi wa kuta, lakini haliwezi kushindana na bati. Nikajaribu chumba cha kuwekea mikungu ya ndizi, nikajaribu chini ya meza. Ikafika saa mbili, ikafika saa nne, mvua haijabadilika na sauti imeanza kukauka.

Shangazi, ambaye muda wote alikuwa akiota moto jikoni, akaja akasimama mlangoni akaniuliza: "Mwanangu, kwani huyo unayemwimbia yuko mbali?"

Nikalisogeza lile dude hadi vidole vinne kutoka mdomoni. Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu hiki ni kitu cha hesabu. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, sauti yako inayoingia hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali mvua, ambayo inatoka pande zote za paa, inabaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 30, hadi 15, hadi saba na nusu, nimepunguza nusu mara tatu, nimepata desibeli 18 bila kununua chochote. Zaidi ya hapo, maikrofoni zinazosikia upande mmoja huongeza besi ya sauti iliyo karibu sana. Lakini ukiwa umbali huo huwezi kuimba kama uko kanisani, sauti inapasuka. Ikabidi niimbe kama ninayezungumza na mtu aliyelala kitanda cha jirani. Na nilipoimba hivyo, G ikawa juu mno. Nikashusha hadi E, nikashusha hadi D. Nikaacha kipigio, nikapiga nyuzi kwa kidole gumba. Nilimaliza saa sita kasoro dakika kumi. Mvua inasikika ndani ya wimbo mwanzo hadi mwisho, nami sina neno nayo.

Miaka ishirini nimeimba kwenye funguo zilizochaguliwa na mwalimu wa kwaya kwa ajili ya jengo lisilo na spika. Mwalimu yule alikuwa sahihi kabisa kwa jengo lile. Mimi ndiye niliyebeba ufunguo wa jengo nikauingiza ndani ya simu, na hakuna studio iliyowahi kunionesha kosa hilo, kwa sababu studioni hakuna mvua na prodyuza ana vifungo vya kurekebisha. Nyimbo zote saba zilizofuata nimeziimba chini, na mke wangu aliposikia ule wa siku ya 21 aliuliza ni nani anayeimba. Sasa niambieni, kama siku ile ningesema mvua imenishinda, nitarekodi kesho nikirudi Mbeya, ningelijua lini?

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikusudia kueleza nyuzi za gitaa na baridi ya asubuhi, lakini itoshe kusema kwamba nyuzi za chuma hukaza baridi inapozidi, kwa hiyo pashia gitaa joto mapajani kabla ya kulitiunisha, wala usilitoe nje ukaanza kurekodi papo hapo. Kila faili lipe jina na tarehe siku hiyohiyo, na nakala iwe nje ya simu, kwa maana simu huibiwa. Kuhusu haki za mtunzi na usajili wa kazi, hilo linahitaji siku yake.

Niseme moja kuhusu siku hizi za mwisho, maana ndizo nilizomo. Nimehesabu, na kati ya nyimbo 26, 11 zinaanza kwa kordi zilezile za gitaa, G, C, D, kwa mpangilio uleule. Vidole vimeishiwa. Kila usiku najaribiwa kurudi kuurekebisha wimbo wa nne, ambao ungekuwa mzuri sana kwa saa mbili tu za kazi, na najaribiwa pia kuhifadhi wazo zuri nililonalo lije kuwa la siku ya 30. Yote mawili nimeyakataa. Jana ilikuwa sikukuu ya Muungano, muziki mtaa mzima hadi usiku, na wimbo wa 26 nimeurekodi ndani ya kabati la nguo. Wazo lile zuri nililokuwa nalitunza nimelitumia humo.

Sasa ni saa kumi na nusu, nimebakiwa na saa saba na nusu. Wimbo wa leo unahusu mtu anayeuza ndizi dirishani mwa behewa, stesheni ya TAZARA, treni ikifika usiku. Ubeti wa kwanza nitawaimbia sasa hivi. Wa pili sina, kwa sababu sijawahi kusimama pale na beseni kichwani, na sijui chenji hurudishwaje treni ikishaanza kuondoka. Kama humu ndani yumo aliyewahi kufanya kazi hiyo, au mama yake aliifanya, namwomba asitoke kabla sijaongea naye. Kijana wa pale mwisho, nisaidie hilo gitaa.